Bugali ikauke, kuku yangu iliwe!

Mutu asiniite tena volontaire, mutu wa kujitolea. Asinijaribu!

Vijana ba kanisa banaenda na velo, ile baiskeli, toka Butembo mpaka Beni, mu njia za milima, tunalala mu njia. Miye kazi yangu ni kubabebea chakula na pikipiki.

Leo nikabatangulia mpaka Kalunguta, katikati ya njia, na sufuria kubwa ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Nikangojea. Mvua ikaninyeshea, bugali ikakauka.

Banafika banacheka, mafuta ya kuku ku midomo!

«Kaka, tulishashiba. Kuko mama alikatala tupite kwake bila kula.»

Mama gani?

«Mama yako! Alisema: ninamujua mutoto wangu, atabaacha na njaa.»

Mais mama, kwa nini!!

Na ile kuku? Ilikuwa yangu. Nilimuachia anichungie.