Muhali Uliompandisha Pandu Ghorofani

Muhali ungekuwa chakula, Pandu wa Jaku angekuwa mnene kuliko watu wote wa Ng'ambo. Lakini ni mwembamba kama ufito, maana muhali haushibishi. Ni ile haya inayomkaba mtu koo asimwambie mwenziwe neno la haki yake, akichelea kumvunja uso. Sisi watu wa Unguja tunao wote, hatukatai, ila wengine tunautia kama chumvi. Pandu anaumimina kama mchuzi. Siku moja mlangoni pa msikiti bwana mmoja mzito alimkanyaga kidole huku akisalimiana na jamaa yake. Pandu akangoja ziishe salamu za mke, za watoto, na za mbuzi, ndipo akasema, "Samahani, yakhe, nadhani mguu wangu uko chini ya wako."

Mtu kama huyo mpe kazi ya mikono, usimpe kazi ya mdomo. Na kweli kazi yake ni ya mikono: anatengeneza vyerehani vibovu katika kibanda chake Mlandege. Makaazi yake yalikuwa ghorofa ya tano katika yale majumba marefu ya serikali tunayoyaita matreni. Nyumba ilikuwa ya mama yake. Mama alipofariki Pandu akaenda afisi ya nyumba na sheha, mkuu wa mtaa, jina likabadilishwa, akawa yeye ndiye mpangaji. Kwa hiyo asije mtu akasema njia ya afisini alikuwa haijui.

Lifti hamna, ngazi tu. Mkewe Mize, Mtumbatu mwenye ulimi wa pilipili, alipoanza kuumwa magoti, ngazi zile zikawa adui yake. Akishuka Jumatatu kwenda hospitali, mpaka Alhamisi yumo kitandani anajikanda. Harusi zikampita. Watu wakafa asiende kuwapa pole wafiwa wao, na kwa mwanamke wa hapa hilo ni sawa na kufa wewe mwenyewe.

Jengo lile lile, nyumba ya chini, alikaa Talib, rafiki wa Pandu tangu skuli. Mke wa Talib, Bi Amne, kilio chake kilikuwa cha kinyume: mbu, maji machafu yanayopita mlangoni, na watoto wa watu wanaochungulia dirishani. Alikuwa akitaka upepo. Jioni moja wanaume wawili wamekaa na kahawa, Talib akasema, "Wako hapandi, wangu hataki kukaa chini. Tunangoja nini?"

Wakasoma Fatiha palepale kuyafunga mapatano. Baada ya Alasiri siku ya pili magodoro yakapishana kwenye ngazi, moja linapanda na jengine linashuka. Ikamalizika hivyo.

"Na afisini?" Mize aliuliza. "Majina je?"

"Nitamwambiaje Talib twende tukaandikishiane?" Pandu akamjibu. "Si atadhani simuamini? Fatiha imesomwa, mke wangu."

Mize akaliacha hapo, maana alikuwa ameshakaa barazani, miguu iko juu ya ardhi, na ardhi ilimpendeza. Haukupita mwezi akaweka karai lake la bajia mlangoni. Wanawake wakawa wanakuja kununua bajia mbili na kukaa mpaka Magharibi. Harusi akaenda, mazikoni akaenda, akarudi kuwa mtu wa watu. Pandu akitoka kazini husikia cheko la mkewe kabla hajafika kwenye kona.

Miaka ikenda. Talib akafariki kwa maradhi ya moyo, Mungu amrehemu. Bi Amne akaingia eda kule juu, hatoki nje, kama inavyompasa mjane.

Haikuchukua muda Pandu akaitwa afisini. Alimkuta mwanamke kijana, Radhiya jina lake, mwenye uso mwema.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile nyumba ya chini ina jina la marehemu Talib, lakini anayekaa ni wewe. Na wewe una yako juu. Imekuwaje?"

Pandu akamhadithia. Yule binti akacheka kidogo, si kwa dharau.

"Nyinyi si wa kwanza. Akija mjane wa marehemu, na sheha wenu yupo, mkasema mbele yangu kuwa mlibadilishana, mimi nabadilisha majina siku hiyo hiyo. Lakini asipotokea mapema mtu wa marehemu kuizungumzia, nyumba inarudi kwetu. Wanaosubiri nyumba wamejaa mpaka uani."

"Bi Amne yumo ndani ya eda, mwanangu."

"Basi nitamfuata mimi. Wengine nshawafanyia hivyo. Muulizeni tu siku gani nije."

Jamani! Mtu afanyiwe nini tena? Kilichobakia ni swali moja tu la kumuuliza jirani. Mtoto wa chuo cha Kurani angelimaliza baina ya vitumbua viwili.

Pandu akarudi nyumbani. Mize aliposikia alipiga kofi la furaha. "Alhamdulillahi! Nipe simu nimpigie."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Udongo wa mumewe haujakauka, wewe unampigia kumuuliza mambo ya nyumba? Watu watasema tulikuwa tumeikalia roho ya Talib kama kunguru."

"Watu gani?"

"Watu."

"Na hao watu ndio watakaonipandisha ngazi?"

Pandu akaitia simu mfukoni mwake. Mize naye, na ulimi wake wote ule, akamtii, na mpaka leo anajilaumu kwa hilo. Akikumbuka husema, "Siku zote nnasema mpaka nachosha. Siku moja ya maana nikanyamaza."

Kila Ijumaa Pandu alipanda mpaka ghorofa ya tano na kitu mkononi, mara samaki, mara chane ya ndizi. Husimama nje, akampa binti wa Bi Amne aliyekuja kutoka Mpendae kumkalia mama yake. Sauti ya Bi Amne hutoka nyuma ya pazia:

"Ahsante, shemegi. Habari za huko chini?"

"Nzuri, Bi Amne."

"Hamna lolote?"

"Hamna lolote. Tunashukuru."

Akashuka. Ijumaa nyengine vile vile: hamna lolote, tunashukuru. Sheha alikutana naye mara mbili kwenye ngazi, amebeba salamu za Radhiya. "Pandu, nikamwambie mimi?" Pandu akamshika mkono. "Nakuomba, sheha, usimguse mtu na msiba wake. Eda ikimalizika nitamwambia mwenyewe."

Eda ilikuwa bado haijamalizika. Asubuhi moja ilisimama gari ya mizigo mlangoni, na ndani yake kijana aitwaye Yussuf, mkewe na mtoto mchanga. Ufunguo wa afisini mkononi, sheha pembeni anatazama chini. Yussuf alipogundua kuwa nyumba ina watu alitaka kuzama ardhini. Maskini, naye pia ana muhali.

Sasa nyinyi mnadhani Pandu alifanya nini? Alipiga kelele? Alishika mlango? Alivua kanzu akasaidia kuingiza kitanda. Akaanza yeye kushika upande wa kichwa, "taratibu, mwanangu, mlango huu una kona," akampitisha mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mize amekaa kwenye kiti chake, karai lake la bajia liko tupu. Akasema, "Usisahau kumuonesha lile bomba linalotaka teke."

Adhuhuri wakamnyanyua na kiti chake cha plastiki, vijana wanne wa jengo. Ghorofa ya tatu wakapumzika. Mize akatazama chini kwenye kitundu cha ngazi, akavuta mtandio wake vizuri.

"Nishikeni vyema," aliwaambia. "Kupanda nnapanda nimekaa. Kushuka mtanishusha nimelala."

Hakuna aliyecheka, na Mize alikuwa amezoea watu wacheke akisema.

Bi Amne alikuwa kwenye kizingiti, amejifunika mpaka machoni. Habari ilikuwa imeshamfikia. Alimtazama Mize, kisha akamtazama Pandu, akasahau kuteremsha sauti.

"Pandu, eda nilikaa ndani. Sikukaa kaburini. Mngenambia!"

"Nliona muhali, Bi Amne."

"Mimi kila Ijumaa nakuuliza kuna lolote, nangoja uniambie, maana kulianza mwenyewe neno la nyumba nliona muhali." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na marehemu nlimwambia, siku ile ile tuliyohama, twendeni afisini tukaandikishane. Akanambia, nitamwambiaje Pandu? Atadhani simuamini."

Pandu alikaa palepale kwenye ngazi. Wanawake wale wawili walishikana wakalia, mmoja kwa mumewe, mmoja kwa miguu yake.

Walikaa pamoja, wanawake chumbani, Pandu sebuleni, mpaka eda ikesha. Hakuna aliyemwambia Bi Amne ahame. Alikunja vitu vyake mwenyewe akenda Mpendae kwa binti yake, kwenye chumba cha uani kisichokuwa na dirisha, yeye aliyekuwa akitaka upepo.

Leo Mize ana kikapu na kamba. Akitaka kitu hukiteremsha dirishani, na mke wa Yussuf, mtoto mwema, humtilia bajia anazokaanga barazani pale pale. Zinakuja bado za moto. Mize husema zimezidi chumvi, kisha huzila zote. Ngoma za harusi huzisikiliza kwa juu, akataja nani anapiga.

Na Pandu? Radhiya alimwambia njia bado ipo: Yussuf ni kijana, ana miguu, akiridhia kupanda juu, wakija pamoja afisini majina yatabadilishwa. Muulizeni tu.

Basi kila jioni Pandu akitoka Mlandege hupitia mlango wa chini, akapiga hodi.

"Karibu, mzee wangu," Yussuf humwambia, mtoto begani. "Kuna lolote?"

"Hamna lolote, mwanangu. Nakusalimuni tu."

Akazishika ngazi. Kule juu Mize amesikia nyayo zake, anazijua, na kabla hajafika huwa ameshapaza sauti:

"Umemuuliza?"

"Kesho, inshallah," Pandu hujibu, akaendelea kupanda.