Nilimdanganya Binti Yangu kwa Khofu ya Waziri Mkuu wa Uingereza

Assalaamu alaykum admin, na nyote mnaosoma ukurasa huu, waume kwa wake. Nakusalimuni kutoka Maskati, huku Ghubra. Mume wangu hajambo, kaenda msikitini kusali alasiri. Wifi yangu tunayekaa naye hajambo, yuko jikoni anachambua mchele. Wajukuu zangu wawili hawajambo, wanagombania rimoti. Na binti yangu hajambo, amelala chumba cha pili na tumbo lake la miezi minane. Huyo ndiye aliyenifanya niandike. Nimwite Salha, silo jina lake. Na mie nifiche, admin.

Umri wangu miaka hamsini na tisa. Skuli nilisoma mpaka darasa la tatu tu, mkikuta makosa mnisamehe.

Salha kaolewa Uingereza, mwaka wa tatu huu. Mumewe kijana wetu wa Kizanzibari, ila kakulia Denmark na pasi yake ni ya huko, ndiyo iliyomwingiza Uingereza. Mambo ya Waingereza kujitoa Ulaya yalipoanza, kila siku nilikuwa namuuliza, "Sasa mumeo watamwacha?" Ananijibu, "Mama, ataandikisha karatasi zake, basi. Tulia."

Siku alipotangazwa waziri mkuu mpya tulikuwa sote majlis, chumba cha wageni, tunakunywa kahawa. Televisheni inaonesha watu wake wanampigia makofi, na wengine nje wameshika mabango wanazomea. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu yake ya dishdasha. "Lo! Wametutawala miaka yote ile, leo wenyewe hawauoni mlango wa kutokea!" Kila mtu akacheka. Mie nilishika neno moja tu walilonifasiria, kwamba huyu mpya anasema watatoka, kwa mkataba au bila mkataba.

"Na wageni je?" nikauliza.

"Wageni ndio wa mwanzo, bi shemeji! Wafunge virago!"

Alikuwa anatania. Lakini mie nilikuwa na miaka minne kule Unguja redio iliposema kuna serikali mpya, na mama yangu akaanza kutia nguo zetu ndani ya foronya. Hatukurudi tena katika nyumba ile. Kwa hivyo nikisikia mkubwa mpya kaingia mahali, mie sisikilizi anaahidi nini. Nawaza nani wangu yuko huko.

Nilimpigia Salha palepale. Alikuwa kazini. "Mama, hapa hakuna kitu. Nusu ya wenzangu wanamshangilia, nusu wanamtukana, halafu wote wamekwenda kunywa chai." Nikamwambia njoo uzalie nyumbani, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, nikulee arubaini yako. Akasema hapana, anataka mumewe awepo. Nikabembeleza, akakataa. Basi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mie naumwa, mwanangu. Daktari kaona kitu katika moyo."

Hakuna daktari aliyeona kitu. Nna presha tu, ile ile niliyonayo miaka kumi.

Siku ya nne yake Salha alishuka uwanja wa ndege na kijisanduku cha wiki mbili. Akanikumbatia, akalia. Nilidhani nitaona raha. Sikuhisi kitu. Tangu siku ile ndivyo nilivyo, kama mkono uliokufa ganzi. Nauona ni wangu lakini sina khabari nao.

Sasa wiki ya tano. Zile wiki mbili zilipokwisha alisema hawezi kuniacha na hali hii. Ananipikia mchuzi wa samaki bila chumvi. Ananihesabia vidonge. Nikinyanyua ndoo nasikia kelele, "Mama, weka chini!" Mume wangu naye anafunga Jumatatu na Alkhamisi kuniombea, maana hata yeye sikumwambia kweli. Nakaa, naletewa, nakula. Na yule waziri mkuu kila jioni yuko kwenye televisheni anasema tunatoka, wenziwe bungeni wanambishia, shemeji yangu anacheka. Mkwe wangu hajafukuzwa na mtu. Anakwenda kazini, anarudi nyumba tupu. Aliyemtenga na mkewe ni mimi.

Na yeye kuja hawezi. Pasi yake kaipeleka serikalini kwa ajili ya zile karatasi za kukaa, haijarudi. Juzi alinipigia mwenyewe. Nilidhani atanilaumu.

"Mama, usijione mzigo," akaniambia. "Afya yako kwanza. Nna ombi moja tu. Mtoto akizaliwa, niwekeeni simu sikioni mwake nimwadhinie mwenyewe. Asitangulie mtu mwengine."

Nikamjibu, "Inshaallah, baba." Nikakata simu, nikaendelea kukunja nguo za mtoto. Chozi halikuja.

Shirika la ndege limesema mwenye mimba kubwa hupanda kwa barua ya daktari, na kwa miezi ya Salha mwisho ni Alkhamisi hii. Baada ya hapo hawamchukui mpaka ajifungue. Nikisema kweli leo, atakwenda. Na namjua mwanangu, hatonisadiki tena, hata siku nikija kuumwa kwelikweli. Na khofu ya kule bado ninayo, sikuongopeeni. Nikinyamaza, atazaa hapa mikononi mwangu kama nilivyotaka, na mwenye mtoto atakuwa ndani ya simu.

Mara tatu nimekwenda mpaka mlangoni pake. Ananiona, anasema, "Mama, mbona umesimama? Kaa upumzike." Nami nakaa.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie yeye kwanza au babake? Na nianze na neno gani? Nijibuni upesi, tafadhalini. Leo Jumatatu, na barua ya daktari yenyewe inataka siku nzima.