Mheshimiwa na wasichana wasiokula

Leo mheshimiwa wetu kanyamazishwa na mama yangu mkubwa, mbele ya ukumbi mzima hapa Mutsamudu.

Alikuwa anachekesha watu. "Wasichana wa siku hizi hawali, wanaringa tu, kisha wanasema ni wagonjwa wa akili. Enzi za mamluki waliotawala visiwa vyetu, nani aliugua hivyo?"

Watu wakacheka. Hata mimi, nisiwadanganye, nilitabasamu.

Mama mkubwa akasimama.

"Mimi niliugua. Mamluki walimchukua kaka yangu kule Moroni, na chakula kikanishinda miezi mingi. Nilibebwa mgongoni hadi hospitali. Nilikuwa namringia nani, mwanangu?"

Mheshimiwa akanywa maji, akaomba tuendelee na ajenda. Msamaha hakuomba.

Na huyo ndiye tuliyemwalika azungumzie afya ya vijana.

Semeni nyinyi, mwakani tumwalike nani?