Mama wa Dakika Arobaini na Tano

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nilidhani hasira hiyo imeshapoa. Jana ukaja hapa Kisugu na karatasi yako ya kazini yenye mchoro wa nguzo, ukaitandaza mezani kwa maringo, nami nikakuuliza ni nani aliyegawa hizi nguzo. Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Mama mkubwa, kompyuta imechagua yenyewe." Nikaiweka chai chini. Sasa kaa unisikilize, na hiyo simu weka chini.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na miradi ilimiminika Kampala, kila mmoja na gari lake jeupe. Mimi nilikuwa msichana wa Kinubi mwenye cheti cha kupiga taipu, nikaajiriwa kuingiza data katika mradi wa afya ya akina mama. Tuliishi Kalerwe, ng'ambo ya mfereji: mimi, mama yangu aliyeuza nyanya sokoni, na mdogo wangu Zuhura, ndiye mama yako. Ng'ambo ile palikuwa na kituo cha mkunga, chumba kimoja tu. Mradi ulitaka kujua kama bado kinahitajika, kwa hiyo tuliwauliza akina mama walichukua muda gani kufika hospitali kubwa siku ya kujifungua.

Programu ya kompyuta ikayachora majibu kwa nguzo, kila nguzo fungu moja la muda, na urefu wake ni idadi ya akina mama. Na programu, mwanangu, haina hekima, ina kanuni. Inahesabu majibu, na kwa idadi hiyo inaamua mafungu yawe mangapi. Halafu inachukua muda mfupi kabisa na mrefu kabisa, inaukata muda ulio kati yake vipande vilivyo sawa, na kusogeza mipaka iangukie namba za kupendeza. Kanuni yenyewe imetungwa kwa kudhani mambo ya watu yana kilima kimoja, wengi katikati na wachache pembeni. Sasa, kati ya majibu yetu lilikuwepo moja la karibu saa tatu. Lilikuwa la Zuhura. Siku hiyo mkunga hakuwepo, mfereji ulifurika akakwama njiani, na mtoto wake wa kwanza tukamzika. Jibu hilo moja likauvuta mstari mzima, vipande vikawa vipana, nusu saa kila kimoja, na nguzo ndefu kuliko zote ikasimama kati ya nusu saa na saa nzima.

Bosi wa mradi akaifurahia. "Unaona? Mama wa kawaida anatumia dakika arobaini na tano, si mbali. Hiyo ya saa tatu ni makosa tu, toa. Kituo tunafunga."

Mimi majibu yale niliyaingiza kwa vidole vyangu. Waliokaa upande wa lami walifika kwa nusu saa, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi kidogo. Wa ng'ambo walikaribia saa nzima au kuipita. Ile nguzo pana ilikuwa imemeza makundi mawili kwa pamoja. Nikakata vipande vyembamba, kilima kikapasuka, vikawa viwili na bonde katikati. Nikampelekea.

"Nyabo, bibi wee, kompyuta ndiyo imechagua," akasema. "Wewe ni nani ya kusema hapana?"

Nikarudi nyumbani ninalia, maana Zuhura alikuwa mjamzito tena. Mama hakunibembeleza. Aliendelea kupanga nyanya zake, nzuri juu na zilizopondeka chini, wachuuzi unawajua, kisha akanigeukia kwa ukali.

"Kila siku bosi, bosi! Yeye iko na mimba? Hiyo maneno, mbona hapana peleka kwa wenye miguu, wale natembea hiyo njia?"

Iliniuma, lakini alisema kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nikiwabishia walio hai ofisini.

Siku ya mkutano wa mtaa bosi alikuja kutangaza kufunga. Mama akabeba karai la nyanya. Nikachora kwa mkaa mstari mrefu sakafuni, nikatia alama za dakika tano tano, nikamwambia kila mama, wa lami na wa ng'ambo, aweke nyanya moja penye muda wake. Wakaja mmoja mmoja, wengine na watoto mgongoni, wakibishana na kuchekana. Pakainuka marundo mawili, na katikati hapakuwa na kitu. Zuhura alikuja wa mwisho. Aliyapita marundo yote mawili, akaenda hadi mwisho wa mstari, akainama kwa shida na tumbo lake, akaiweka nyanya yake peke yake. Kucheka kukaisha.

"Bosi," nikasema, "nioneshe mama wako wa dakika arobaini na tano. Anakaa wapi?"

Akakohoa, akaanza tena habari za kompyuta. Mama mmoja akamkatiza, "Ssebo, bwana, hiyo kompyuta ilizaria wapi?"

Kituo hakikufungwa. Kazi mimi nilifukuzwa, na radhi bosi hakuniomba, na sijamsamehe hadi leo. Wanasema hasira hasara. Ile yangu haikuwa hasara hata kidogo.

Basi shika haya, mwanangu. Mafungu ya programu ni pendekezo la mgeni asiyeijua nyumba. Badilisha upana, sogeza mwanzo, tazama tena. Kilima kikibaki kilekile, haya, kiamini. Kikipasuka, vaa viatu uende ukawaulize watu. Na jibu lililokaa peke yake mbali usilitupe kabla hujajua ni la nani. Ukisema kompyuta imechagua, ni wewe uliyechagua, tena kwa uvivu.

Mvua za mwaka ule zilipokuja, mfereji ulifurika tena, hakuna aliyevuka. Zuhura alishikwa na uchungu alfajiri, tukamkokota hadi kwenye chumba kile cha mkunga, na jua lilipotoka ukalia wewe.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyoridhika upesi, na akuepushe na kazi itakayomliza mama wa mtu. Amina. Sasa lete hiyo karatasi yako, tuyakate upya mafungu yake.