Mkono Kwenye Tundu la Barua

Titus aling'oa kibati chakavu cha tundu la barua la mlango wake akiwa nje, kipya kingali ndani kwenye boksi, na upepo wa Tottenham ukamfungia mlango. Fundi wa kujifundisha huyo. Akapenyeza mkono tunduni apapase kitasa. Ukapita kiwiko, ukanasa.

Ndani alikuwamo mama mkwe wake, aliyefika majuzi kutoka Machakos na kuonywa na bintiye kuhusu wezi wa London. Alipoona vidole vinatambaa mlangoni, alishika mwiko.

"Nani?"

"Ni mimi, mama," Titus aliita, mkono wake mwenyewe ukiziba tundu na kufifisha sauti.

"Hata mwizi husema ni mimi. Mimi nani?"

"Titus."

"Jina liko kwenye barua zenu, mwizi anasoma. Uji wangu wa asubuhi ulikuwaje?"

Titus alihisi mwiko ukigusa kidole gumba, ukipima.

"Mtamu sana, mama."

Mwiko ukamtua kidoleni. "Mkwe wangu aliuonja tu akakunja uso."

Akausikia mwiko ukipanda tena.

"Uliungua, mama. Niliumwaga kwenye sinki."

Kisha kitasa kikalia, mlango ukafunguka ukimburuta Titus ndani.

"Karibu, mwanangu," mama mkwe alisema, mwiko ungali juu. "Uliumwaga wote?"