Nilivyojifungia Ghalani na Shemeji Kuvunja Kufuli la Kombaini

Siku niliyojifungia ghalani na shemeji yangu, madirisha nikayaziba kwa mablanketi ya marehemu mke wangu, majirani wote walijua tunafanya nini.

Walikosea. Tulikuwa tunafanya uhalifu.

Naitwa Emil, nalima mahindi Nebraska, Marekani. Kombaini yetu, ile mashine ya kuvunia, alikuwa akiiendesha mke wangu Lorene, mimi nabeba nafaka kwa lori. Tangu afariki, naendesha vyote na kumtukana kila mwenye cheo.

Oktoba ile kidude kimoja cha kombaini kikafa. Kidogo kama kidole gumba. Nikanunua kipya, cha kampuni ile ile, nikakifunga mwenyewe.

Mashine ikagoma. Inatembea, haivuni. Kioo kinaandika: kifaa hakitambuliki, mwite fundi wa kampuni.

Nikampigia fundi. Kazi yake ni kuchomeka kompyuta, abonyeze namba ya siri, aondoke.

"Nitafika wiki ijayo, mzee."

"Kesho kunaingia upepo mkali. Mahindi yamekauka, yatalala chini yote."

"Pole. Kuna foleni."

Yaani mashine nimenunua mimi, akili yake wameshika wao. Na serikali, nilijua, inawalinda kwa sheria.

Nikamwita Arlys, mdogo wa kike wa Lorene. Zamani alikuwa fundi wa kompyuta za benki kule Omaha. Akaja na kompyuta, waya, na sahani ya kolache, vimkate vitamu vya plamu.

"Shemeji, utaweza kuifungua?"

"Kuweza naweza." Akachungulia nje, akashusha sauti. "Ila unajua kuvunja kufuli la kampuni ni jambo gani."

"Jela?"

"Mimi sijasema kitu. Ziba madirisha."

Jamani, nilikimbia. Magoti mabovu, lakini nilikimbia. Nikaziba, nikazima simu, nikaipaka tope namba ya lori. Sijui kwa nini. Lori lilikuwa limeegeshwa tu.

"Vaa glavu," akasema. "Alama za vidole."

"Kwenye kombaini yangu mwenyewe?"

"Unabishana na mhalifu mwenzako?"

Glavu zilizokuwepo ni za Lorene za kushikia sufuria za moto, zina maua. Nikavaa.

Arlys akabonyeza, akala kolache, akabonyeza tena. Ghafla kioo kikawa kijani. Kombaini ikanguruma nikataka kuibusu.

Mlango ukagongwa.

"Emil, fungua. Kolterman hapa."

Sherifu, mkuu wa polisi wa eneo letu.

Nikafungua, mikono juu, maua yote yanaonekana.

"Ni mimi peke yangu," nikasema. "Huyu mama hana hatia, nilimlazimisha."

Sherifu akatazama mablanketi. Akatazama glavu. Akamtazama Arlys, aliyejiinamia kwenye gurudumu, mabega yanatikisika.

"Ulimlazimisha kufanya nini?"

"Kuvunja kufuli la kompyuta ya kombaini."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Emil, hiyo iliruhusiwa zamani. Mashine ni yako, unaitengeneza, fungua. Sheria imewaachia wakulima upenyo huo." Akaonyesha uani. "Mimi mwenyewe nimeleta trekta langu lifunguliwe. Arlys aliniambia nije."

Nikamgeukia shemeji. Machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Ulijua."

"Lorene aliniambia. Alikuwa kwenye wale waliokusanya saini kuomba ruhusa hiyo. Wewe ukawa unasema wakubwa hawasikii mtu, akaacha kukusimulia."

"Na glavu?"

"Tangu dada afe sijakuona ukikimbia, shemeji."

Nikapanda kombaini, kwenye kiti cha Lorene, nikavuna huku nacheka kama chizi. Upepo ulipofika ulikuta mabua matupu.

Sasa wewe unayesoma, usidhani nimewasamehe wakubwa. Ruhusa yenyewe kila baada ya miaka mitatu inabidi iombwe upya. Na kifaa cha kufungulia hakuna anayeruhusiwa kukuuzia. Wamekuruhusu kuchinja, wakapiga marufuku kuuza visu.

Wakikukataza jambo wanatangaza. Wakikuruhusu wananong'ona. Kwa hiyo uliza, tena uliza kabla hujaziba madirisha. Na mwenzako akikusimulia jambo mezani, weka kijiko chini umsikilize, maana huenda yeye ndiye aliyekuombea.

Majirani bado wanauliza harusi lini. Arlys anawajibu wamuulize sherifu, ndiye aliyetufumania.