Neno Nililolikana kwenye Njia ya Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini niliisikia hifadhi kabla ya kuiona. Ukungu ulikuwa umefunika maegesho yote, na kutoka upande wa ziwa ikaja sauti kama ya mtu anayeosha vyombo kwa hasira: vitu vikigongana, vikiteleza, vikivunjika. Nilisimama na chupa yangu ya chai nikidhani kuna mgahawa karibu.

"Ni barafu ya mwisho," alisema Msimamizi wa Lango, mwanamama mwenye koti la rangi ya chungwa aliyejitokeza ndani ya ukungu ule. "Upepo unaisukuma ufukweni. Ukiisikia hivyo, ujue wageni wamekaribia."

Ndivyo nilivyoanza, kibarua wa msimu katika hifadhi ya mkoa iliyo kando ya ziwa, mashariki mwa Toronto. Vibarua wa msimu tuliajiriwa barafu ikiyeyuka na kuachishwa majani yakidondoka. Majira yote ya baridi nilikaa na binti yangu ghorofani kwetu, mtaa wa Malvern, nikiitazama simu, nikingoja kuitwa tena. Nilitaka kitu kimoja tu: ajira ya kudumu, nisiagwe tena kila Oktoba.

Langoni nilijifunza kutoa vibali vya siku, karatasi ambayo dereva huiweka juu ya dashibodi ionekane kupitia kioo. "Tabasamu, kibali, kwaheri," Msimamizi alinifundisha. "Foleni haina masikio." Lakini mimi nililelewa Kigoma, ambako humwombi mtu kitu kabla hujamuuliza ameamkaje. Magari yakajaa hadi barabara kuu. Wiki ya tatu akanihamishia kwenye njia.

Kazi ya njia ndiyo niliyoipenda. Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, nilikagua njia ya mbao, ile inayopita juu ya kinamasi hadi ufukweni. Nilipiga kila ubao kwa kisigino: ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza humeza kishindo. Nilisugua utelezi wa kijani kwa brashi ya waya, kisha nikasaini daftari. Jioni tulifanya kile tulichokiita kufagia, si kwa ufagio, bali kwa kuzunguka na gari taratibu, kuwaaga watu wa mwisho hadi hifadhi ibaki tupu. Anayetaka kuujua upweke na afagie hifadhi Jumapili jioni. Hubaki majivu ya nyama choma za wengine, kiatu kimoja cha mtoto, na ziwa kubwa lisilo na harufu ya dagaa.

Msimu wangu wa nne, asubuhi ya mvua, mama mmoja wa makamo aliteleza kwenye njia ile mbele yangu akauangukia mkono wake. Nilikimbia nikapiga magoti. "Sori, mama, sori sana," nilisema, nikamshika bega. Kwetu mtu akijikwaa hata ng'ambo ya barabara, unampa pole. Lugha ya huku ina neno moja tu la pole na la samahani, nami nikalitumia hilo. Mwanawe alikuwa anarekodi kwa simu.

Wiki iliyofuata Mkuu wa Hifadhi, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliniita ofisini.

"Ulikagua njia?"

"Nilikagua, na nikasaini."

"Kulikuwa na ubao mbovu?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini uliomba msamaha?"

"Sikuomba msamaha. Nilimpa pole."

"Ulimpa nini?"

Nikaeleza. Alisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. "Familia inasema mfanyakazi wetu alikiri kosa," alisema, akanisogezea karatasi. Iliandikwa kwamba Kiingereza kilinichanganya, na kwamba maneno yale hayakuwa na maana yoyote. "Saini, jina lako libaki kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Usiposaini, sina namna ya kukutetea."

Niliomba nifikiri hadi mchana, nikaenda karakana. Bahati, fundi wetu wa mbao kutoka Uvira, alicheka hadi akaweka nyundo chini. "Ndugu, ni wewe ulinyesha mvua? Kesho utaomba bata musamaha juu maji iko baridi!"

Nikamsomea karatasi. Akaacha kucheka.

"Inasema haikukuwa na maana?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwa nayo?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi, mukubwa, hiyo utajua wewe." Akaiokota nyundo yake.

Nilisaini. Barua ya ajira ikaja kabla majani hayajadondoka.

Tangu hapo nikawa mfanyakazi mzuri sana. Mtoto aliyeumwa na nyuki, mzee aliyevunjika nyonga, mwanamke aliyekuja kumwaga majivu ya mumewe ziwani akakosa nguvu za kufungua kopo: wote niliwauliza, nimesimama wima, kama wanahitaji gari la wagonjwa. Kisha niliandika saa na mahali. Bahati alihamia Alberta, na kazini hapakubaki wa kuongea naye kwa lugha yangu. Binti yangu aliponiambia amefeli mtihani wa udereva, nilijikuta namuuliza ilikuwa saa ngapi. Alinijibu kwa Kiingereza, akaingia chumbani kwake.

Ninyi mnaoanza kazi za huku, sitawaambia msisaini. Sijui ningekuwa wapi bila barua ile. Nawaambia tu kwamba nilidhani ninakana neno hilo kwa siku moja, mbele ya mtu mmoja.

Siku ya kustaafu nilipeleka funguo na redio ya mkononi kwa Mkuu wa Hifadhi, yule yule, sasa mvi zimemjaa. Mumewe alikuwa amefariki majira yale ya machipuko. Wafanyakazi tulisaini kadi ya rambirambi. Alizipokea funguo bila kuzitazama.

"Bado natengeneza kahawa ya watu wawili," alisema. "Kila asubuhi. Kisha kikombe kimoja nakimwaga."

Akanitazama. Naamini alikuwa akingoja. Nilifungua mdomo.

"Ufunguo wa karakana hukwama," nilisema. "Uuvute kidogo kabla ya kuuzungusha."

"Asante," alisema.

Nilivaa koti, nikatoka, na mlango ukajifunga nyuma yangu.